Rivyu ya shule tatu za urubani pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kwa mtu mwenye kazi anayetaka kuhamia urubani

Nianze na jibu kabisa kwa wale hawana muda: bei ya saa moja iliyoandikwa kwenye brosha peke yake haikuambii kitu. Swali la kuuliza ni moja, mwanafunzi wenu wa mwisho aliyepata CPL, yaani leseni ya rubani wa kuajiriwa, alianza lini na akamaliza lini. Ukijibiwa kwa tarehe, vuta kiti. Ukijibiwa "ah hiyo inategemea na mwanafunzi mwenyewe", maliza chai yao uage.

Mimi ni mtu wa hesabu, nimekagua vitabu vya makampuni ya watu tangu nitoke chuo, kwetu Mombasa, kazi Nairobi, umri thelathini na kitu, mke, mtoto, mkopo wa sacco. Nayasema haya kwa sababu maoni mengi ya hizi shule yanatoka kwa vijana wa miaka kumi na tisa ambao baba ndio analipa, na mahitaji yao na yetu si sawa hata kidogo. Kijana anaweza kukaa kwenye benchi nje ya hanga miezi akingoja ndege itoke kwa fundi, anacheza na simu, anapiga soga, maisha yanaenda. Wewe mwenye familia kila mwezi wa kungoja ni kodi, ni karo, ni likizo uliyoomba kazini na imeisha hujashika usukani. Kwa hivyo hapa nimepima shule kwa jambo moja tu, je, ndege inaruka siku ile uliyoambiwa itaruka?

Majina sitaji, Wilson ni ndogo kila mtu anajuana na mimi bado nasoma hukohuko. Nitaziita ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Lakini kabla ya shule yoyote, medikali. Nenda kwa daktari aliyeidhinishwa na KCAA, ile mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, fanya ile ya daraja la kwanza, macho, rangi, masikio, moyo, damu, mkojo, vyote. Miwani haikuzuii mradi ukiivaa unaona inavyotakiwa. Cheti hicho kinarudiwa kila miezi 12, na ukishapita 40 ukawa unabeba abiria bila rubani mwenza kinakuwa cha miezi 6. Upande wa pili wa hesabu ni 65, ndio umri wa mwisho kwa rubani wa safari za kimataifa za abiria zenye marubani wawili, kwa hivyo mtu wa miaka 34 bado ana miaka 31 mbele yake, hao wanaokuambia umezeeka waulize hesabu walisomea wapi. Shule ya kwanza walikuwa tayari kunikatia risiti ya usajili bila hata kuniuliza kama naona rangi. Shule ya tatu yule mzee mwenyewe karibu anifukuze, "nenda medikali kwanza kijana, ukifeli huko umepoteza hela kidogo, ukifeli ushanilipa mimi tutakuwa maadui." Kuitwa kijana pia kulinifurahisha, siwezi kudanganya.

Haya, sasa shule zenyewe.

Ya kwanza, nyota mbili. Hii ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo watu wengi huanzia, na najua kwa nini, ukipiga saa moja ya Cessna na mwalimu mara saa 200 za kupata CPL, tofauti na ile ya pili unaona ni kama umeokota gari. Brosha ina ndege tano. Mimi kazi yangu ni kwenda stoo kuhesabu kilichoandikwa kwenye karatasi, kwa hivyo nikaomba nipelekwe hanga nizione. Zilikuwa mbili. Moja haikuwa na propela. Ya tatu nikaambiwa iko safarini, ya nne inangoja spea kutoka Marekani, ya tano hakuna aliyeitaja tena.

Hapa kuna kitu lazima mtu akielewe. Ndege ya mafunzo kila ikifika saa 100 za kuruka inaingia kwa ukaguzi, haipelekwi barabarani ikijikokota kama matatu mpaka ife. Kwa hivyo shule yenye ndege moja inayoruka na wanafunzi ishirini wanaoisubiri, ile ndege ikiingia ndani wiki mbili nyote mko chini, na ukaguzi ukifichua silinda yenye ufa mko chini mpaka kifaa kifike na ushuru ulipwe. Halafu urubani mwanzoni ni kitu cha mikono. Ukikaa wiki tatu hujaruka, somo la kwanza ukirudi ni kukumbuka, na hilo la kukumbuka unalilipia bei ileile. Ndio maana sheria inasema saa 40 zinatosha kwa PPL, leseni ya kwanza ya rubani binafsi, na wanafunzi niliowauliza pale kwenye benchi walikuwa wameshapita 60 na bado wanangoja mtihani. Sasa ile saa ya bei nafuu ukiizidisha kwa sitini badala ya arobaini na kitu, nafuu iko wapi?

Na waalimu. Mwalimu kwenye hizi shule mara nyingi ni kijana aliyemaliza CPL mwaka juzi anatafuta masaa ili aajiriwe kwenye Caravan, zile ndege ndogo za abiria, na akipigiwa simu na kampuni leo kesho humwoni. Simlaumu, hata mimi nitafanya hivyo. Ila shule nzuri inajua hilo na ina mzee mmoja au wawili wasioenda popote, wanaoshika faili la mwanafunzi ili anayekuja asianze upya. Pale kwenye ya kwanza niliongea na dada mmoja amebadilishiwa mwalimu mara nyingi na kila mpya anamwambia "ngoja kwanza nikuone unavyotua", yaani saketi zilezile za kupaa, kuzunguka uwanja na kutua, pesa zilezile. Nyota mbili ni kwa sababu wafanyakazi wa ofisini ni watu wa heshima na bei yao hawaifichi.

Ya pili, nyota tatu. Hii ukiingia unavua viatu moyoni. Kioo, kiyoyozi, simuleta, ndege zenye skrini za Garmin badala ya zile saa za mviringo, marubani wanafunzi wamepiga pasi shati na mabega yana mistari. Ndege zipo na zinaruka, hilo nalisema wazi, nilikaa nje nikizihesabu zikitoka na kurudi. Waalimu wao wanavaa kama wanaenda Dubai. Na ile hoja ya skrini si ubishoo, Caravan mpya zinakuja na mfumo huohuo wa G1000, mtu akishauzoea mapema anapunguza kigugumizi baadaye.

Shida yangu ni mkataba. Kwanza bei ni ya dola. Mtu anayelipwa shilingi akilipa ada ya dola kwa mwaka na nusu ni kama amefungua duka la pili la kubahatisha, mwanzo wa 2024 dola iligusa karibu shilingi 160, katikati ya mwaka huohuo ikashuka mpaka karibu 130, sasa aliyelipa Januari na aliyelipa Julai wamesoma shule moja kwa bei mbili. Pili walitaka nusu ya ada yote mkononi kabla sijapanda ndege, na kwenye ile karatasi ya masharti nikitafuta sehemu ya kurudishiwa pesa nikakuta sentensi moja tu, ada haitarudishwa. Hapo ule ukaguzi wangu wote ukasimama kama nywele za paka.

Kulipa kwa mkupuo shule ya urubani ni hatari dunia nzima, si Kenya peke yake. Kule Marekani Silver State Helicopters ilifilisika Februari 2008 wanafunzi wakabaki na mikopo mikubwa na hawana leseni. Juzi tu 2023 Tayside Aviation ya Dundee, Scotland, shule ya miaka mingi, ikaanguka na waliolipa mbele wakaanza kupanga foleni ya wadai. Shule za ndege zinaonekana tajiri kwa sababu ya ndege, lakini mafuta, bima, spea na maegesho vinakula kila siku, na ada yako ya mwakani ndiyo inanunua mafuta ya mwanafunzi wa leo. Ukiona punguzo kubwa kwa anayelipa yote mara moja, jiulize kwa nini wanaihitaji hiyo pesa leo. Nilipowaomba nilipe kidogokidogo kadiri ninavyoruka waliniambia mfumo wao hauruhusu. Mfumo ni karatasi, karatasi inaandikwa na mtu.

Kama una kijana mmoja anayemaliza sekondari, pesa ipo, na unataka awe shuleni kutwa nzima kwa ratiba, hii ya pili ingekuwa nyota nne. Kwa mtu wa umri wangu ni tatu.

Ya tatu, nyota nne, ndiyo niliyochagua. Uzuri wake huuoni ukiingia. Ofisi ni chumba kimoja na kabati, choo naomba nisikizungumzie, na darasa la nadharia ni ubao mweupe ambao haujafutika vizuri tangu enzi. Ndege ni Cessna 172 za zamani na 152 moja. Lakini nilipoomba kuviona vitabu vya ufundi mzee hakuuliza kwa nini, alivitoa kabatini akaniwekea mezani. Nikakaa navyo. Kila hitilafu imeandikwa na kila hitilafu imefungwa kwa sahihi ya fundi na tarehe, na tarehe hazipishani sana. Mimi vitabu vya uongo navijua kwa kunusa, vinakuwa visafi mno, kalamu moja, mwandiko mmoja. Hivi vilikuwa na madoa ya oili na wino wa rangi tatu.

Fundi wao ni wa hapohapo, hawakodishi. Kulipa, unaweka akiba ndogo kwenye akaunti yako, inakatwa kwa kila safari, ikipungua unaongeza, kwa shilingi, na ukiondoka kesho baki yako unapewa na hilo limeandikwa. Ratiba iko kwenye grupu la WhatsApp na usiku unajua kesho unaruka na nani.

Bei yao kwa saa iko katikati, ya 172 na mwalimu ni elfu ishirini na kitu, na makadirio niliyopewa na hizi shule kuanzia sifuri mpaka CPL na leseni ya kuruka kwa vyombo, yaani kwa kufuata vipimo bila kuona nje, yalianza milioni mbili na nusu kwenda juu. Ila ulizeni maswali haya matatu kabla ya kulinganisha. Moja, saa inahesabiwaje, kuna ile mita ya Hobbs inayotembea tangu injini iwake, na kuna inayofuata mizunguko ya injini, ambayo ukiwa unatambaa polepole ardhini nayo inatembea polepole. Pale Wilson ambapo asubuhi unaweza kusimama foleni nyuma ya Caravan tatu na Dash 8 zinazokimbilia Mara, tofauti ya hizo mita mbili mwisho wa kozi ni pesa ya kununua pikipiki. Mbili, ada ya kutua na ya maelezo ya kabla na baada ya somo imo ndani au ni juu yako. Tatu, na hili karibu hakuna anayeliuliza, bei ya ndege bila mwalimu ni ngapi, kwa sababu ukifuata njia ya saa 200 basi 100 kati ya hizo lazima uwe wewe ndiye rubani mkuu. Nusu ya saa zako zote iko hapo, si kwenye masomo. Ukisoma kozi iliyounganishwa na kuidhinishwa, yaani moja mfululizo kutoka sifuri mpaka CPL, saa zinashuka hadi 150, sasa hakikisha idhini hiyo ipo kweli kwenye cheti cha shule na wameorodheshwa KCAA, si kwenye bango tu.

Kingine cha watu wazima, uzito. Tusioneane aibu. Cessna 152 uzito wake wa juu wa kuruka ni kilo 757 hivi, ukitoa ndege yenyewe, ukaweka mafuta matangi yote, ukaweka mwalimu wa kilo themanini na mimi mwenye tisini na wali wa nazi, tumefika ukingoni. Na Wilson iko juu ya futi 5,500 kutoka usawa wa bahari, jua likipanda hewa inakuwa nyembamba na kale kandege kanapanda kwa kusihi. Kwa hiyo wale wanaokupigia bei ya 152 kwenye simu bila kukuuliza kilo zako, hiyo bei si yako, ya kwako ni ya 172. Mzee wa shule ya tatu alinipandisha kwenye mizani siku ya kwanza kama mbuzi wa Idd.

Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu ya nadharia. Mwalimu wa hali ya hewa na urambazaji ni mzuri akija, tatizo ni akija. Mimi nimezoea kusoma usiku kwa mitihani ya uhasibu ya CPA kwa hivyo najisomea, sheria za anga, urambazaji, utendaji wa ndege, mwili wa binadamu angani, ila anayehitaji kushikwa mkono atateseka. Na simuleta hawana, ya vyombo tunakodi kwa jirani.

Niseme pia kuhusu Wilson yenyewe. Ni uwanja wenye msongamano na unakufunza redio haraka utake usitake, mnara unaongea na ndege nyingi kwa mpigo na wewe mgeni unatafuta nafasi ya kusema jina lako. Machi 5, 2024 Cessna 172 ya mafunzo na Dash 8 ya abiria ziligongana juu ya Mbuga ya Nairobi, mwalimu na mwanafunzi wake wakafariki, ile kubwa ikarudi ikatua salama. Kila shule niliyoenda niliuliza wamebadilisha nini tangu siku hiyo. Mmoja alibadilisha mada. Mzee alinyamaza kidogo kisha akanichorea kwenye karatasi wanatoka vipi na kurudi vipi, mwinuko gani, na kwa nini saketi za wanaoanza anazipeleka nje ya mji, upande wa Kajiado, badala ya kuzifanyia pale pale kwenye foleni. Usiogope kuliuliza hili, anayechukia swali la usalama si wa kumkabidhi maisha yako.

Halafu mawingu. Mwezi wa saba Nairobi wingu linakaa chini mpaka saa nne saa tano asubuhi, mchana upepo unaanza kukusukuma, dirisha la kuruka linabaki finyu. Mimi kazini niliongea nao nikahamia mkataba wa siku tatu kwa wiki, zile nyingine naenda uwanjani, kwa sababu wikendi peke yake haitoshi, unaruka Jumamosi, Jumamosi inayofuata kuna wingu, tayari wiki mbili. Mamangu ananiambia si uje ufundishwe Ukunda au Malindi, bahari iko chini injini ina nguvu, na nyumbani utakula. Ana hoja kabisa, na kama kazi yako iko pwani anzia huko. Ila ujue siku moja utakuja Wilson tu na redio yake.

Wengine wananiuliza Soroti na Afrika Kusini. Soroti Uganda ni chuo cha tangu 1971 enzi za Jumuiya ya kwanza, jina lake lina uzito, lakini unahama nyumbani. Afrika Kusini ndege ni nyingi na hali ya hewa inaruhusu kuruka mfululizo, ukirudi sasa leseni yao unaigeuza iwe ya Kenya kwa mitihani na ada, na huko umelipa nyumba na chakula. Kwa asiye na mtoto wa chekechea ningeifikiria. Mimi nilipiga hesabu ya nauli na kodi mara mbili nikaacha.

La kazi nitalipitia haraka kwa sababu linaumiza. Leseni ya saa 200 si ajira, Nairobi imejaa vijana wenye CPL wanaoendesha teksi za app. Uliza shule inawachukua wangapi wa kwao kuwa waalimu na wengine wako wapi sasa hivi, ukitajiwa kampuni, nenda kaulize huko kama wanawajua. Na leseni yangu ya uhasibu nailipia kila mwaka kama kawaida, sitaki kusikia neno.

Ukienda kuzitembelea usiende Jumamosi, Jumamosi hata shule mbovu inaonekana ina shughuli. Nenda Jumanne au Jumatano saa nne asubuhi, hakuna miadi, lipia somo la majaribio, na mwalimu akianza kuikagua ndege kabla ya kupanda angalia kama anachovya ile fimbo ya mafuta kwenye tangi yeye mwenyewe au anaamini geji.